Kushona Kofia ya Viua kwa Mkono: Mwongozo kutoka Mikindani

Kofia ya viua ni kofia nyeupe ya pamba ambayo nakshi yake hutokana na matundu. Kila tundu, ambalo ndilo kiua chenyewe, hutobolewa kwa mkono na kuzungushiwa uzi mpaka mdomo wake ukakamae, na matundu hayo yakipangwa kwa mstari hutoa umbo la nyota, la jani, la lozi au la mwezi mwandamo. Nakshi hiyo ina kazi nyingine pia, kwa kuwa hupitisha hewa, na mtu aliyewahi kukaa msikitini mchana wa Ijumaa mwezi wa Desemba, kaskazi likiwa limetulia na jasho likimtiririka, anajua thamani ya hewa inayofika utosini. Ndugu yake wa Oman huitwa kumma, na anayezifahamu zote mbili huona mara moja kwamba zimelelewa katika bahari moja.

Mimi hushona Mikindani, kilomita chache kutoka Mtwara mjini, na kazi zangu za sasa, yaani mapazia na vitambaa vya kuning'inizwa ukutani, zote zimezaliwa na kofia niliyofundishwa na bibi mzaa mama barazani kwake. Siku hizi kofia za mashine zimejaa madukani kwa bei ndogo, na mikono inayojua kufunga kiua imezeeka. Ndiyo sababu naandika mwongozo huu kwa urefu, nikieleza njia niliyofundishwa mimi pamoja na machache niliyoyaongeza mwenyewe. Jambo ninaloomba msomaji alishike tangu mwanzo ni kwamba ubora wa kofia nzima hukaa ndani ya kiua kimoja: anayekifunga sawasawa ataheshimika hata nakshi yake ikiwa rahisi, na anayekifunga ovyo hataokolewa na nakshi yoyote.

Kitambaa, uzi na vyombo

Chagua kitambaa cheupe cha pamba tupu kilichofumwa kwa karibu bila kubana mno. Mimi hutumia poplini kwa upande wa nje na bafta kwa upande wa ndani, na nusu mita ya kila kimoja inatosha kofia moja na kubakiza vipande vya kujifunzia. Tetroni iepuke, hata muuzaji akikusifia kwamba haikunjiki, kwa sababu nyuzi zake zikisukumwa kando hutaka kurudi zilikotoka, na tundu ulilolihangaikia hunywea baada ya kufuliwa mara mbili tatu. Marekani, kile kitambaa kizito kisichopaushwa ambacho jina lake limebaki kutokana na shehena zilizoletwa pwani hii kutoka nchi ya Marekani katika karne ya 19, kinafaa sana kwa pazia, lakini kwa kofia ni kizito na rangi yake ya maziwa haifikii weupe unaotakiwa.

Uzi uwe wa pamba wa kudarizia, ule unaouzwa ukiwa na nyuzi 6 zilizolazwa pamoja, nawe utazitenganisha na kutumia 2 tu kwa wakati mmoja. Wanafunzi wangu wengi huja wakidhani kwamba kazi ya uzi tumeiazima kwa wageni, kwa hiyo huwaeleza kwamba katika magofu ya Kilwa Kisiwani, mkoani Lindi, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta vigurudumu vya kusokotea pamba, vingine vikiwa vimechongwa kutokana na vigae vya vyungu vilivyovunjika. Watu wa pwani hii walisokota uzi wao wenyewe karne nyingi kabla ya poplini kufika dukani.

Utahitaji pia sindano nyembamba na fupi ya kudarizi, shazia ndogo kama ile ya kushonea mikeka, subana ya kukinga kidole, mkasi mkali, penseli, futi kamba na kipande cha nta ya nyuki. Chombo cha kutobolea ndicho kinachostahili maelezo marefu kidogo. Bibi alitumia mwiba wa nungunungu, aliouhifadhi ndani ya kipande cha mwanzi kilichozibwa kwa kitambaa, na alikuwa na sababu njema ya kuupenda kuliko msumari: mwiba huo huchongoka polepole kutoka ncha kwenda shinani, kwa hiyo kadiri unavyozama ndivyo tundu linavyopanuka, nawe unaweza kuchagua upana unaoutaka. Kwenye mwiba wake alikuwa amefunga uzi mwekundu kama pete, karibu na ncha, na mwiba ulipozama mpaka kwenye pete hiyo alisimama. Matundu yake yote yalitoka sawa kwa sababu ya pete ile ya uzi. Usipopata mwiba, tumia sindano nene ya kushonea magunia iliyosuguliwa ncha hadi ikawa laini, lakini usisahau kuifunga pete.

Kabla ya kukata chochote, loweka vitambaa vyote viwili katika maji ya kawaida usiku kucha, vifue kwa sabuni, vianike na kuvipiga pasi. Pamba hunywea ikifuliwa mara ya kwanza, na ni afadhali inywee ikiwa kitambaa kuliko ikishakuwa kofia ya mtu.

Kupima na kukata

Zungusha futi kamba kichwani, juu kidogo ya nyusi na masikio, bila kuibana. Tuchukue kichwa cha sentimita 56, kisha tuongeze sentimita 1 ya nafasi ili kofia isiache alama kwenye paji la uso. Mzunguko wa kofia unakuwa sentimita 57. Kofia ina vipande viwili, ukanda unaozunguka kichwa na duara linalofunika utosi. Ukanda uliokamilika utakuwa na urefu wa sentimita 57 na kimo cha sentimita 8, na ukiongeza sentimita 1 ya mshono kila upande, utakata kipande cha sentimita 59 kwa 10. Kwa duara, gawanya 57 kwa 3.14 upate kipenyo cha sentimita 18 na ushee, maana yake ni kwamba umbali kutoka katikati hadi ukingoni ni kama sentimita 9.1, ongeza sentimita 1 ya mshono, ukate duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 10.1. Kata kila kipande mara mbili, kimoja cha poplini na kimoja cha bafta, huku urefu wa ukanda ukifuata uelekeo ule ule wa nyuzi katika vitambaa vyote viwili, maana vikipishana, ukanda utajinyonga ukishatiwa kanji, yaani wanga wa kukazia nguo.

Kuchora nakshi

Kwa kofia ya kwanza ninapendekeza korosho. Umbo hili lililopinda ncha limo katika kanga nyingi, na kwa jina hilohilo la korosho, nasi wa Mtwara na Lindi tunaona msimu kwa msimu zao lenyewe likijaza maghala yetu, kwa hiyo sioni kwa nini lisikae pia kwenye vichwa vya watu wa huku. Chukua daftari la hesabu, lile lenye miraba, uchore korosho moja yenye kimo cha sentimita 5 na upana wa sentimita 3. Mzingo wake utakaribia sentimita 13. Ukiweka nukta kila baada ya milimita 5 utapata nukta 26, na kila nukta ni kiua kimoja.

Gawanya ukanda katika sehemu 6, kila moja sentimita 9.5, uweke korosho moja katikati ya kila sehemu. Mwanzo na mwisho wa ukanda utaangukia kati ya korosho mbili, mahali patupu, ili mshono wa nyuma usikate nakshi. Juu na chini ya kila korosho itabaki sentimita 1.5 isiyo na kitu, na nafasi hiyo tutaihitaji. Kwenye duara chora mviringo mmoja wa kipenyo cha sentimita 8, nao utabeba viua 50. Jumla unayo kazi ya viua 206, ambayo ni ndogo ukilinganisha na kofia za mafundi, lakini inatosha kukufundisha yote.

Ili korosho zote sita zifanane, usizichore moja moja kwa mkono. Toboa kila nukta ya karatasi kwa sindano, laza karatasi juu ya poplini, kisha chovya kipande cha pamba katika unga wa bluu ya kufulia na kukisugua taratibu juu ya karatasi. Ukiinua karatasi utakuta nukta za bluu zimekaa mahali pake, na maji yataziondoa siku ya kufua. Penseli iliyochongwa vizuri nayo inafaa, mradi usiikandamize. Kalamu ya wino usiiguse kabisa. Kofia yangu ya kwanza niliichora kwa kalamu ya shule, nikaishona kwa miezi miwili, na siku nilipoifua wino ulitambaa kutoka kila tundu kama utando wa buibui, bibi aliigeuza mkononi, akaitazama ndani na nje, akaniambia, "Mke mwenzangu, viua ni vizuri. Anza nyingine." Niliilaza kofia ile sandukuni na mpaka leo ninayo, na wanafunzi wangu huishika kabla hawajashika penseli.

Nakshi ikishahamia kwenye poplini, laza bafta chini yake. Kwenye ukingo wa chini wa ukanda, kunja vitambaa vyote viwili kuelekeana, sentimita 1 kila kimoja, ili ncha zifichike katikati. Kisha piga bandi, yaani mishono ya kupenyeza sindano juu na chini, iwe kubwa kubwa na kwa uzi wa rangi, mistari iliyoachana sentimita 2, kutoka kushoto kwenda kulia na kutoka juu kwenda chini, mpaka vitambaa viwili viwe kama kimoja. Wengi hupunguza mistari hii ili kuokoa dakika 20, halafu hujuta, kwa kuwa kitambaa cha ndani husogea na kila kiua hufuata upande wake.

Kufunga kiua

Kata uzi wenye urefu wa dhiraa moja, yaani kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Uzi mrefu kuliko huo hujisokota, husuguliwa mara nyingi na kupoteza mng'ao kabla hujaumaliza. Upitishe mara moja tu juu ya nta, kisha uvute kati ya vidole ili nta iingie ndani na isibaki juu. Usifunge fundo. Kofia hukaa juu ya ngozi ya kichwa, na fundo dogo lisiloonekana kwa jicho humsumbua mvaaji kama punje ya mchanga ndani ya kiatu. Ingiza sindano kati ya vitambaa viwili umbali wa sentimita 2 kutoka kwenye nukta, uitokeze kwenye nukta, na uache mkia wa uzi ndani, ambao utabanwa na mishono ya mbele.

Sasa zungusha bandi ndogo sana kuizunguka nukta, mishono 6 au 7 inayofanya duara la milimita 3. Bandi hii ndiyo msingi, kwani huzuia nyuzi za kitambaa zisiachane kupita kiasi na pia hukuonyesha mpaka wa kiua. Shika mwiba wima katikati ya duara, uusukume huku ukiuzungusha kama mtu anayepekecha, mpaka ufike kwenye pete. Usikate kitambaa kwa mkasi. Mwiba husukuma nyuzi kando zikiwa nzima, na nyuzi nzima ndizo zinazokipa kiua nguvu ya kuvumilia miaka ya kufuliwa, ilhali tundu lililokatwa huanza kuchanika pale pale mkasi ulipopita.

Ukishautoa mwiba, fanya haraka kidogo kwa sababu tundu huanza kujifunga. Tokeza sindano juu ya kitambaa, nje kidogo ya duara la bandi, izamishe ndani ya tundu, kisha itokeze tena nje ya duara pembeni mwa mshono uliotangulia. Kila sindano inapotokea juu, vuta uzi kuelekea nje, mbali na tundu, kwa nguvu ile unayotumia kufunga kamba ya kiatu cha mtoto: uzi ulale na kushika, lakini kitambaa kisikunjamane. Endelea kuzunguka hadi mishono 14 hivi ikae bega kwa bega bila nafasi kati yake na bila mmoja kumpanda mwenzake. Katikati ya kazi, kama mshono wa saba, rudisha mwiba tunduni mara moja, na ukimaliza urudishe tena, safari hii kutoka upande wa nyuma, ili mdomo wa kiua uwe mviringo pande zote mbili.

Kwenda kwenye kiua kinachofuata usivushe uzi juu wala nyuma ya kitambaa. Pitisha sindano katikati ya vitambaa viwili, milimita 5, uitokeze kwenye nukta ya jirani. Hapa ndipo utaona kwa nini kofia hii hushonwa kwa kitambaa cha tabaka mbili, kwani safari zote za uzi hufichwa humo ndani, na kofia iliyoshonwa vizuri haitofautiani sana ndani na nje. Watu wazima wakipewa kofia mpya huigeuza kwanza ndani, wakaikagua huko kabla ya kusema neno. Uzi ukikaribia kwisha, pitisha sindano chini ya mishono mitatu minne ya kiua ulichokimaliza, uurudishe kati ya vitambaa na kuukata.

Fanya viua 30 kwenye kipande chakavu kabla hujagusa kofia yenyewe. Kumi vya kwanza vitakuwa na umbo la yai, kwa sababu mkono hukaza zaidi unapovuta kuelekea kwako kuliko unaposukuma. Dawa yake ni kugeuza kitambaa kidogo baada ya kila mshono ili mvuto uwe wa upande mmoja daima. Kiua kikilegea mdomo, umeacha nafasi kati ya mishono. Kitambaa kikijikunja kama ua lililonyauka kuzunguka tundu, umekaza mno. Kiua kibovu hukatwa nyuzi zake kwa ncha ya mkasi upande wa ndani na kushonwa upya, ila usifanye hivyo zaidi ya mara moja mahali pamoja, kwa kuwa kitambaa huchoka.

Anayeanza hutumia dakika 4 hivi kwa kiua kimoja, kwa hiyo viua 206 vitamchukua karibu saa 14, ambazo ninashauri zigawanywe kwa siku nyingi. Mimi hushona asubuhi, nikiwa barazani nimekaa mwanga ukinijia kutoka ubavuni, kwa sababu mwanga wa mbele huumiza macho na wa nyuma huangusha kivuli cha mkono juu ya kazi. Majira ya kusi ndiyo mazuri zaidi, maana hewa ni baridi na mikono haitoi jasho. Wakati wa kaskazi weka karibu bakuli la maji, sabuni na taulo, unawe kila unapoona sindano inateleza; jasho hugeuza uzi mweupe kuwa wa kijivu, na kijivu hicho hakitoki chote.

Kuunganisha

Viua vikikamilika, rudi kwenye zile sentimita 1.5 zilizobaki juu na chini ya korosho. Katika kila nafasi shona mistari miwili ya bandi ndogo iliyoachana milimita 4, ikizunguka ukanda wote, ili kati yake pawe na mfereji, mmoja wa mifereji hiyo ukiwa juu kidogo ya pindo la chini na mwingine chini ya mshono wa juu. Tunga uzi mnene wa pamba mara mbili kwenye shazia na kuupitisha ndani ya kila mfereji, kati ya vitambaa viwili. Nyuzi hizo huupa ukanda uti wa mgongo, nao husimama bila kadibodi wala plastiki.

Funga ukanda nyuma kwa mishono midogo, poplini ikitazamana na poplini. Weka alama 6 kwenye ukingo wa juu wa ukanda na alama 6 kwenye ukingo wa duara, zikiwa zimeachana sawa, kisha shikiza alama kwa alama kwa pini, halafu kwa bandi, na mwisho ushone kwa mishono ya milimita 2 inayorudi nyuma. Ukiona kitambaa cha ziada upande wa ukanda, usikikunje mahali pamoja. Kigawe kidogo kidogo kati ya alama zote. Punguza kingo za mshono hadi milimita 5 na uzifunike kwa utepe wa bafta uliokatwa mshazari, ili ndani pawe pasafi. Ondoa bandi zote za uzi wa rangi.

Kanji na faroma

Fua kofia kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kipande mpaka bluu yote itoke, na uisuuze bila kuikamua. Kwa kanji, mimi sioni haja ya kununua ya dukani wakati muhogo uko uani. Menya muhogo mmoja mbichi, uukune, uuchanganye na maji na kuuchuja kwa kitambaa, uyaache maji hayo yatulie kwa saa tatu au nne. Mwaga maji ya juu, utabaki na wanga mweupe uliotuama chini. Chukua vijiko 2 vya chakula vya wanga huo, uukoroge katika maji baridi kidogo, uumimine katika nusu lita ya maji yanayochemka huku ukikoroga mpaka uwe ute unaong'aa. Ukipoa kiasi cha mkono kuvumilia, zamisha kofia, uigeuze mara kadhaa, uitoe na kuipangusa kwa kitambaa safi, kwani kanji iliyobaki juu huacha magamba.

Kisha ivishe faroma, yaani ile kalibu ya mti inayolishika umbo la kofia inapokauka. Mchonga vinyago anaweza kukuchongea moja kwa kipimo chako, lakini kwa kofia ya kwanza sufuria yenye mzunguko wa sentimita 57 ikifungwa kanga safi inatosha. Kofia ikiwa bado mbichi, pitisha mwiba katika viua vyote 206, kimoja baada ya kingine, kuondoa kanji iliyoziba. Kazi hii huchosha na watu huikwepa, ilhali ndiyo inayotofautisha kofia iliyokamilika na iliyoachwa njiani. Iache ikauke penye upepo, kisha uipige pasi juu kwa juu, na kama pasi yako ni ya mkaa, weka kitambaa chenye unyevu katikati ili majivu yasiiguse.

Kujifunza kutoka kofia kuukuu

Mwongozo hautoshi kukupa nakshi za zamani. Zimo katika masanduku ya nyumba za Mikindani, Lindi na Kilwa Kivinje, mara nyingi mikononi mwa wajane waliohifadhi kofia za waume zao. Ukienda kwa bibi kama huyo, usianze na simu ya kupigia picha. Mpe shikamoo, kaa, mwulize hali na habari za marehemu, na kofia itakuja yenyewe. Ukiruhusiwa kuishika, igeuze ndani, hesabu viua vya mstari mmoja, pima nafasi kati yake, nakili nakshi katika daftari la miraba, na zaidi ya yote uliza jina la nakshi hiyo na uliandike kama linavyotamkwa. Usifumue mshono hata mmoja ili kuona ulivyoshonwa. Ukifundishwa, lipa muda wa mwalimu, kwa fedha au kwa kumsaidia kazi, na ukiuza kofia yenye nakshi hiyo, mtaje aliyekupa.

Kuhusu bei, zihesabu saa zako kabla ya kutaja kiasi. Kofia iliyochukua saa 14 za viua, bila ya kukata, kuunganisha na kutia kanji, haiwezi kushindana na ya mashine, na mnunuzi anayeigeuza ndani ataelewa kwa nini.

Kutoka kofia hadi pazia

Mkono ukishazoea, kiua kinaweza kutoka kichwani. Mapazia yangu hutumia marekani ya tabaka moja, upana wa sentimita 90 na urefu wa sentimita 120, na viua vya milimita 6 vinavyofungwa kwa nyuzi 3 badala ya 2. Kwa tundu la ukubwa huu mwiba hautoshi, na hapa kanuni ya mkasi hubadilika: baada ya kupiga bandi ya duara, kata msalaba mdogo katikati, kunja ncha nne kuelekea nyuma, na ushone ukizipitia ili zifungwe ndani ya mdomo wa kiua. Kwa kuwa hakuna tabaka la pili la kuficha safari za uzi, kila mstari uufuate mfululizo na usiruke kutoka umbo moja kwenda jingine.

Panga viua kwa kufikiria mwanga, kwa sababu katika pazia ndio utakaoonekana. Lining'inize kwenye dirisha linalotazama mashariki, na jua la saa moja asubuhi litazichora korosho zote sakafuni na ukuta wa pili, zikiteremka polepole kadiri jua linavyopanda. Ili zisiparamiane, acha angalau sentimita 6 tupu kati ya umbo na umbo. Pindo la juu liwe la sentimita 4 ili ufito upite, na la chini litiwe uzi mnene kama ule wa mifereji ya kofia, lipate uzito wa kulituliza. Pazia la aina hii halitiwi kanji, maana linatakiwa lifuate upepo.